Folda ya kusakinishia Oracle mnaipa jina gani? Timu yetu imegawanyika kabisa

#1 MtunzaData
Wakuu habari za usiku. Nipo kwenye timu ya databesi ya taasisi moja hapa Dar, jina naliacha. Wiki iliyopita tulikaa chini kuorodhesha seva zetu zote za Oracle, ziko 14, na kilichonitoa jasho sio data wala pachi (marekebisho ya programu), ni majina ya folda tu.

Seva ya kwanza: /u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1
Ya pili: /u01/app/oracle/product/19c/db_1
Ya tatu: /u01/app/oracle/product/19C/dbhome_1 (ndiyo, C kubwa, na Linux kwake c na C ni vitu viwili tofauti)
Ya nne: /oracle/19300/db

Halafu kuna moja inaitwa /u01/app/oracle/product/12.2.0/dbhome_1, unaingia ndani unapiga opatch lsinventory, amri ya kuonesha kilichosakinishwa, unakuta ni toleo la 19. Mtu alisafisha folda ya zamani akafungulia zipu ya 19c humohumo akaendelea na maisha. Kijana wetu mpya aliisoma ile njia akaandika kwenye ripoti kwamba tuna databesi ya 12.2 isiyo na huduma ya pachi, ripoti ikafika kwa wakaguzi, tukashinda siku mbili tunajieleza.

Bosi kasema tuandike kanuni moja ya kufuatwa kote. Mimi nataka jina la homu (folda ya programu ya Oracle) libebe namba ya RU, ile pachi ya kila robo mwaka, mfano /u01/app/oracle/product/19.28/dbhome_1. Mwenzangu anasema hapana, jina lisibebe kitu kinachobadilika. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nyie kwenu mnafanyaje?

#2 KipangaWaTerminali
Nyaraka za Oracle zenyewe zinasema 19.0.0/dbhome_1. Weka hivyo kote kalale. Mnatafuta kazi ya kufanya.

#3 bintiOracle
Kipanga usimvunje moyo mwenzio, hili jambo lina maumivu yake. Ngoja nisimulie yangu.

Sehemu niliyokuwa tulikuwa na homu mbili kwenye seva moja, 19.0.0/dbhome_1 na 19.0.0/dbhome_2. Ya kwanza ina pachi ya zamani, ya pili tumeijenga mpya, usiku wa Jumamosi tukahamisha databesi kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kila kitu safi, lisena inapokea miunganisho, watumiaji Jumatatu hawajagundua chochote. Kumbe skripti ya bakapu kwenye crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ndani yake imeandikwa ORACLE_HOME, yaani njia ya homu, ya dbhome_1 kwa mkono. Folda ya zamani bado ipo kwa hiyo RMAN, chombo cha bakapu cha Oracle, inafunguka vizuri tu, ila inasema "connected to target database (not started)", kisha kosa la ORA-01034 (Oracle haipatikani), inatoka. Kila usiku saa nane. Usiku 11 hatuna bakapu na hakuna aliyejua, mpaka siku mtu wa programu alipokuja kuomba tumrudishie jedwali moja alilolifuta.

Na nikwambie kitu, ile skripti niliisoma kwa macho yangu kabla ya kuhama. Niliisoma. Jicho likapita kwenye dbhome_1 kama halioni, sababu 1 na 2 zinafanana mno na njia yenyewe ndefu. Ingekuwa imeandikwa 19.18 wakati nahamia 19.20 ningeshtuka palepale. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi.

#4 MzeeWaSolaris
Pole sana binti. Usiku 11 bila bakapu ni kutembea juu ya bwawa la mamba.

Vijana wengi mnatumia huu mpangilio hamjui umetoka wapi. Unaitwa OFA (Optimal Flexible Architecture), aliuandika Cary Millsap alipokuwa Oracle, miaka ya 90 mwanzoni. Wakati ule kila aliyesakinisha alikuwa anatupa mafaili anapotaka, programu na data vimechanganyikana kwenye diski moja, ukitaka kupandisha toleo unajikuta unafuta data yako mwenyewe. OFA ikatenganisha: programu huku, data kule, na matoleo mawili yaweze kukaa seva moja bila kugombana. Ndo maana kuna kile kipande cha namba ya toleo katikati ya njia, halafu aina ya programu na namba ya mfuatano mwishoni. Kazi ya dbhome_1 ni kusema hii ni nakala ya kwanza ya programu ya databesi katika toleo hili. Haikutengenezwa kukwambia ina pachi gani.

Ni lazima kuifuata, kama sheria.

#5 NairobiDBA
Wasee niaje. Mzee #4 heshima zako lakini hapo mwisho nakataa kidogo, OFA ni mapendekezo, si lazima. Instola haikukatalii ukiweka njia yako. Tena tangu 18c hakuna hata swali la "nisakinishe wapi": unafungua ile zipu ya karibu GB 3 mahali unapotaka, na hapo ulipofungulia ndo homu yako. Ukikosea folda umekosea homu. Bila shaka hivyo ndivyo ile 12.2 ya mleta uzi ilizaliwa.

Kwetu hapa Nairobi tunaandika namba ya RU na tunafanya kwa Ansible, chombo cha kuendesha kazi kiotomatiki, hakuna mtu anachapa njia kwa mkono. Robo mwaka ikifika, Januari, Aprili, Julai, Oktoba, tunajenga homu mpya pembeni, mfano 19.29, mchana kweupe databesi ikiwa inaendelea kufanya kazi. Usiku tunazima kwenye ya zamani, tunawasha kwenye mpya. Mambo yakiharibika unarudi homu ya zamani, imeisha, dakika tano. Nimewahi kurudi mara mbili na sikutoa jasho.

#6 fundiMwanza
@NairobiDBA hiyo "unarudi imeisha" usiwadanganye watoto. Ukiwa umeshaendesha datapatch kule kwenye mpya, ndani ya databesi kuna mabadiliko yameandikwa. Ukirudi homu ya zamani uendeshe datapatch tena ili iyaondoe, la sivyo programu inasema pachi hii haipo na kamusi ya databesi inasema ipo.

#7 NairobiDBA
Kweli kabisa fundi, niliruka hiyo. Datapatch huku na huku.

#8 PostgresDaima
Nawasoma nawahurumia 😄 njooni huku kwetu. Postgres kwenye Debian ni /usr/lib/postgresql/16/bin, data /var/lib/postgresql/16/main, mipangilio /etc/postgresql/16/main. Ukiwa upande wa Red Hat na vifurushi vya PGDG (waundaji wa Postgres wenyewe) ni /usr/pgsql-16. Basi. Hakuna kikao, hakuna chai iliyopoa.

Lakini angalieni kilichowekwa kwenye jina. Ni 16 tu. 16.1, 16.2, 16.3 zote zinaingia folda ileile, sababu toleo dogo halibadilishi jinsi data inavyokaa kwenye diski. Kinachobadilisha ni toleo kubwa, na hilo ndilo limepewa folda yake. Jina la folda linabeba kile tu kinacholazimisha uhame. Kwa hiyo mwenzake mleta uzi yuko sahihi.

#9 bintiOracle
@PostgresDaima sawa, ila ukitaka kurudi kutoka 16.3 kwenda 16.2 usiku wa manane programu ya zamani iko wapi? Imeshafunikwa. Sisi tunataka zote mbili ziwepo kwenye diski kwa wakati mmoja. Hizo ni shida mbili tofauti.

#10 PostgresDaima
Hapo umenibana. Unashusha kifurushi cha zamani na kukisakinisha upya, inawezekana, ila sio sekunde mbili.

#11 KipangaWaTerminali
Nimerudi, naona mambo yamenoga. Haya, tuseme nimekubali namba ya RU kwenye jina. Nimejenga 19.28/dbhome_1. Wiki tatu baadaye tumepata hitilafu, Oracle wametupa pachi moja ya pekee, tumeiweka juu. Je, jina bado linasema kweli? Halafu tangu mwisho wa 2022 kuna zile MRP, pachi za kila mwezi kwa Linux, nazo ukiziweka unaandikaje, 19.28.mrp2? Seva mbili zote zinaitwa 19.28, moja ina pachi nne za ziada nyingine haina hata moja, na mtu anasoma jina anaridhika. Bora jina lisiloahidi kitu kuliko jina linaloahidi nusu. Ukitaka kujua pachi piga opatch lspatches, hiyo haiwezi kudanganya.

Na siku mvivu mmoja akiingia akapiga opatch apply hapohapo bila kujenga homu mpya, folda inaitwa 19.28 ndani ni 19.29. Umerudi kwenye 12.2 yako yenye 19 tumboni.

#12 MtunzaData
Mkuu Kipanga hii hoja ndo hiihii ya mwenzangu karibu neno kwa neno, mpaka nimejiuliza kama ni wewe.

Jibu langu ni kwamba kanuni iandikwe mbili pamoja: jina libebe RU, NA ni marufuku kupachika juu ya homu inayotumika. Ukitaka pachi, hata ya pekee, jenga homu mpya, 19.28_2. Jina likishapewa yaliyomo hayaguswi tena.

#13 KipangaWaTerminali
Na diski? Homu moja ya 19c yenye pachi ni GB 10 na ushee. Sio kila mtu ana /u01 ya kutapanya. Kuna sehemu niliomba GB 50 nikasubiri miezi miwili na barua tatu.

#14 NairobiDBA
Ukipachika juu pia unakula diski, angalia ndani ya homu folda iliyofichwa inaitwa .patch_storage, piga du -sh uone. Kila pachi inaacha nakala ya ilichobadilisha. Nimekuta imenona kuliko homu yenyewe. Ukijenga mpya na kuondoa ya zamani, hiyo mafuta huibebi.

Ila ushauri mmoja kwa wanaoogopa kubadilisha skripti kila robo mwaka: tengeneza simlinki (njia ya mkato), /u01/app/oracle/product/sasa, ielekeze kwenye homu inayotumika. Skripti zote zitumie "sasa". Ukihama unageuza linki tu.

#15 fundiMwanza
Hapo ndo nataka kusema kwa herufi kubwa. USITUMIE LINKI KAMA ORACLE_HOME kabla hujasoma hii.

Enzi za 11.2, seva ya mteja mmoja huku Kanda ya Ziwa. Napigiwa saa mbili usiku databesi imezimika. Naingia, ps inaonesha ora_pmon, mchakato wa databesi, iko hai, watumiaji wengine wanafanya kazi kabisa. Napiga sqlplus / as sysdba, inaniambia "Connected to an idle instance". Yaani databesi ipo na haipo. Mwenzangu pembeni ananiambia andika startup, kidole kiko juu ya enta. Kitu kikanizuia tu.

Tumehangaika mpaka karibu saa sita. Mwisho nikafanya echo $ORACLE_HOME kwenye terminali mbili, nikaziweka sambamba. Moja inaishia dbhome_1, nyingine inaishia dbhome_1/ . Mkwaju mmoja mwishoni, basi! Mtu mchana aliongeza kwenye bash_profile.

Sababu yake: Oracle inachukua maandishi ya ORACLE_HOME pamoja na SID (jina la instansi, yaani databesi iliyowashwa) inayachanganya kupata ufunguo wa kumbukumbu ya pamoja ambamo instansi inaishi. Haiangalii kama njia mbili zinafika folda moja, inaangalia herufi. Ukiongeza mkwaju, ufunguo mwingine, kwa hiyo inaona hakuna kitu. Linki ni vilevile: databesi imewashwa kwa njia halisi, wewe umeingia kwa njia ya "sasa", utaambiwa idle. Na RMAN ya bintiOracle ilisema "not started" kwa sababu hiyohiyo, homu tofauti na SID ileile.

#16 bintiOracle
Fundi umenifungua macho, miaka yote nilikuwa nadhani ni RMAN ya zamani ilikuwa haielewani na databesi mpya. Asante sana.

#17 PostgresDaima
MySQL ukisakinisha kwa tar nyaraka zenyewe zinakwambia utengeneze linki /usr/local/mysql kwenda folda yenye namba ya toleo, na inafanya kazi bila shida miaka nenda rudi. Linki sio dhambi, ni tabia ya Oracle hiyo.

#18 NairobiDBA
Sawa fundi, sisi linki tunaitumia kwenye skripti kusoma tu halafu readlink -f inatoa njia halisi ndo inawekwa ORACLE_HOME. Ila bora zaidi ni oratab na oraenv. Skripti itaje SID, oraenv isome /etc/oratab ijue homu ni ipi. Unabadilisha mstari mmoja mahali pamoja. Hata ukiita homu yako "embe" itafanya kazi.

#19 MzeeWaSolaris
/var/opt/oracle/oratab kama uko Solaris, msitusahau sisi wa zamani.

#20 MadirishaPro
Mimi ni mtu wa SQL Server nimeingia kuchungulia tu, ila hii vita kwetu imeshapiganwa. SQL Server 2005 ilikuwa inaita folda MSSQL.1, MSSQL.2, MSSQL.3, kwa mfuatano wa ulivyosakinisha. Na namba moja inaweza kuwa injini ya databesi, inayofuata ni ripoti. Ukikuta seva ya mtu mwingine hujui MSSQL.3 ni nini mpaka uingie rejista. Ilikuwa mateso. Toleo la 2008 wakaacha, wakaweka namba ya toleo na jina la instansi: MSSQL10.MSSQLSERVER. Mpaka leo hivyo, 2019 ni MSSQL15, 2022 ni MSSQL16. Pachi hazimo kwenye jina.

Kwa hiyo hiyo dbhome_1, dbhome_2 ni MSSQL.1 yenu. Kipanga una la kusema?

#21 KipangaWaTerminali
Umesema mwenyewe pachi hazimo kwenye jina. Asante kwa kunitetea.

#22 MadirishaPro
😂 haya.

#23 mama_wa_DB2
DB2 kwenye Linux ni /opt/ibm/db2/V11.5, ukisakinisha nakala ya pili bila kutaja njia inajiongezea yenyewe V11.5_01. AIX, Unix ya IBM, ni /opt/IBM/db2 kwa herufi kubwa, hapo skripti zinazohama kati ya hizo mbili ndo zinapofia. Tunaishi kwa db2ls, unaipiga inakuonesha kila nakala iko wapi na ina fixpack (furushi la pachi) gani. Jina la folda tumeacha kuliuliza maswali.

#24 MzeeWaSolaris
Kuna jambo hamjaligusa, ile herufi. Msiandike 19c. Nimeona 8i, 9i, 10g, 11g, 12c. Juzi hapa 23c ikaja, watu wakajenga, Mei 2024 ikabadilishwa jina ikawa 23ai, na Oktoba 2025 wakatangaza 26ai ambayo namba yake ya ndani bado inaanza na 23. Ile ya bure ilikuwa inajisakinisha /opt/oracle/product/23c/dbhomeFree, ikahamia 23ai/dbhomeFree. Herufi ni ya watu wa soko, namba ni ya wahandisi. Kwenye folda weka namba.

#25 fundiMwanza
Naunga mkono mzee 100%. Na hapo ndo Kipanga anaposema "nyaraka za Oracle zinasema" napata shida, sababu Oracle hawajakubaliana wao kwa wao. Ukifuata mwongozo ni /u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1. Ukisakinisha 19c hiyohiyo kwa RPM (kifurushi cha Linux) inakwenda /opt/oracle/product/19c/dbhome_1. Nyumba moja, milango miwili.

#26 chipukizi_data
Samahani wakuu swali la mgeni, hivi u01 maana yake nini? Mwalimu wetu alisema ni Unix.

#27 NairobiDBA
Mimi niliambiwa ni "user", kama /usr.

#28 MadirishaPro
Nilisikia "unit", diski ya kwanza.

#29 MzeeWaSolaris
OFA inasema tu sehemu za kupachikia diski ziwe na neno moja lisilobadilika pamoja na namba yenye tarakimu sawa, ili u01, u02 mpaka u10 zipangike vizuri kwenye orodha. Mfano mwingine ni /disk01. Herufi haina uzito. Kilicho na uzito ni ile sifuri mbele ya moja.

#30 KipangaWaTerminali
Mzee mimi naendelea kuamini ni Unix.

#31 jamaa_wa_klasta
Mmesahau Grid, programu ya klasta ya Oracle. Jamaa yangu mmoja alitaka usawa, akaweka Grid ndani ya /u01/app/oracle/product/19.28/grid ili ikae jirani na homu ya databesi. root.sh, skripti ya mwisho ya usakinishaji, ilipopita ikageuza umiliki wa folda zote za juu kuwa za ruti, kesho yake mtumiaji oracle hawezi kuandika kitu kwenye folda yake. Grid ina njia yake, /u01/app/19.0.0/grid, nje ya ORACLE_BASE (folda kuu, /u01/app/oracle). Usawa usilazimishwe mpaka huko.

#32 chipukizi_data
Na kuweka jina la mfumo? Kazini kwetu ni product/19/mishahara, product/19/stoo. Naona inasomeka vizuri.

#33 bintiOracle
Inasomeka mpaka siku databesi ya tatu inapokuja kukaa homu ya mishahara kwa sababu diski imejaa. Hapo unaanza kueleza watu kwa nini hesabu za hospitali ziko kwenye mishahara.

#34 MtunzaData
Wakuu asanteni, nimenakili mengi. Mpaka sasa msimamo: namba sio herufi, herufi ndogo kote, hakuna mkwaju mwishoni, skripti zote zipitie oraenv. Hayo manne hata mwenzangu kakubali. Kwenye RU bado tumegongana, nimemsomesha hoja ya #3 akanisomesha #11. Tumekubaliana seva mbili za testi ziende kwa mtindo wangu, mbili kwa wake, tuone baada ya robo mbili.

Lililobaki ni ile 12.2.0 yenye 19 ndani, hiyo ni ya kazi na wakaguzi wanarudi. Nazima databesi napiga mv kubadilisha jina, au?

#35 fundiMwanza
Usipige mv! Njia ile imeandikwa kwenye inventory.xml (orodha ya Oracle ya homu zote za seva) na ndani ya mafaili mengi ya homu yenyewe. Jenga mpya kwa jina sahihi, weka pachi zilezile, nakili ulivyo navyo kwenye dbs (spfile na faili la nywila) na network/admin, hamisha databesi. Ukisahau dbs utakutana na LRM-00109 wakati wa kuwasha, usiogope, ni faili tu halijafika.

Ya zamani iondoe kwa deinstall, rm -rf itaiacha kwenye inventori na wakaguzi wataikuta humo.

#36 bintiOracle
Na kabla hujagusa kitu: crontab -l ya oracle, crontab -l ya ruti, zote uzipitishe grep ya 12.2.0. Halafu asubuhi yake fungua logi ya bakapu uisome mwenyewe mpaka mstari wa mwisho.

#37 KipangaWaTerminali
Hiyo homu mpya unaiita dbhome_1 lakini, sio?